UZI: Umepata kadi ya memori ya kompyuta ya zamani, haina jina wala karatasi? Anza na meno yake

fundi_kizingo (mleta uzi)

Assalaam aleikum wadau, na wa salamu nyingine hamjambo.

Kadi hizi zimeanza kuonekana tena hapa Mombasa. Ofisi za zamani kule Moi Avenue na karibu na bandari zinasafisha stoo, mizigo inaishia kwa wauza skrepu Shimanzi na Changamwe, na ndani yake unakuta kadi ndefu iliyojaa chipu ndogo nyeusi, safu kwa safu. Wanaotafuta dhahabu wanazinunua kwa kilo na kuzichuna meno, vile vipande vya ukingoni vinavyoingia kwenye sloti. Inaniuma kusema kweli, maana kuna watu humu wana IBM PC au XT, kompyuta za miaka ya themanini, nzima kabisa, imekwama kwenye KB 256, na inachokihitaji ndicho hicho kinachopimwa kwenye mzani.

Tatizo ni kwamba nyingi hazina jina. Zilitengenezwa na viwanda vidogo miaka ya themanini, karatasi zake zimeshapotea, na juu ya bodi kuna namba tu. Ila kadi ya memori ni kitu cha wazi sana. Haina siri nyingi. Ukijua pa kuangalia, yenyewe inakwambia ni ya nini.

Wengi wanaanza na zile swichi ndogo. Mtu anapachika kadi, anawasha, hesabu haibadiliki, anazima, anasukuma swichi moja, anawasha tena. Swichi nane zina michanganyiko 256, na hujajua hata kama kadi ni ya aina inayoonekana bila dreva (programu ya kuiendesha). Tena ukishazigusa umefuta ushahidi, kwa sababu mtu wa mwisho kuitumia aliziacha pale zilipokuwa zikifanya kazi. Piga picha pande zote mbili kwanza, swichi na jampa (vile vifuniko vidogo vya kuunganisha pini) zikiwa vilevile ulivyozikuta.

Sasa meno. Kadi ya biti 8 ina meno 62, yaani 31 kila upande. Upande wenye chipu ni A, upande wa risasi ni B, na hesabu inaanzia kwenye lile bati la kufungia kwa skrubu. Geuza uone upande B, uhesabu mpaka 11. Hilo ni SMEMW, la 12 ni SMEMR, la 13 ni IOW, la 14 ni IOR. Mawili ya kwanza ni ya kuandika na kusoma memori. Mawili ya mwisho ni ya kuandika na kusoma poti, yaani milango yenye namba ambayo prosesa huitumia kuongea na vifaa.

Jino la 13 na la 14 yakiwa hayana njia ya shaba inayotoka, au hayapo kabisa, basi kadi haina poti hata moja. Hiyo ni memori ya kawaida, inayojaza pengo mpaka KB 640, kikomo cha memori ya kawaida ya DOS. Usihangaike kutafuta dreva, haijawahi kuwa nayo. Yakiwa yameunganishwa, kuna kitu cha ziada: saa, poti ya printa, au ni ile memori ya kurasa, EMS, ambayo bila dreva haionekani. Kuangalia hivyo ni kazi ya dakika chache kwa mita ya kawaida, na inakuondolea mahangaiko mengi.

Baada ya meno, soma chipu. Safu ya tisa tisa ni dalili nzuri: nane za data na moja ya pariti, biti ya kukagua makosa. Tisa za 4164 ni KB 64. Tisa za 41256 ni KB 256. Karibu utakuta 74LS280 ya kukagua pariti, 74LS245 ya kupitisha data, na 74LS157 au 158 za kugawa anwani mara mbili, maana DRAM, yaani chipu za memori zenyewe, hupokea anwani nusu nusu. Ukiona 74LS670, simama hapo. Hiyo ni rejista ndogo ya nafasi nne, biti nne kila nafasi, na kwenye kadi ya memori mara nyingi ndiyo inayoshika namba za kurasa za EMS.

Usichanganye tarehe na modeli. Namba kama 8632 juu ya chipu ni wiki ya 32 ya mwaka 1986. Ukichukua tarehe ya chipu iliyo mpya kuliko zote umeshajua kadi haikutengenezwa kabla ya hapo. Ukikuta FCC ID, namba ya usajili ya mamlaka ya mawasiliano ya Marekani (FCC), herufi tatu za mwanzo zinamtaja aliyeisajili, na orodha ya FCC ipo wazi mtandaoni. Halafu kuna Total Hardware 99, mkusanyiko mkubwa wa mipangilio ya jampa. Linganisha umbo na idadi ya soketi, usitafute kwa jina peke yake, kwani kadi moja iliuzwa kwa majina mengi.

Waliopo na kadi mkononi waweke maelezo hapa chini tuisome pamoja.

---

mtu_wa_majengo

Kaka fundi, ahsante. Ninayo moja: ndefu, biti 8, soketi safu 6 za tisa tisa, safu 3 zimejaa 4164, swichi moja ya vitufe 8. Nyuma haina tundu lolote. Nimehesabu meno ulivyosema, B13 na B14 ni matupu. Kompyuta ni XT yenye KB 256 kwenye bodi kuu. Naiwasha inahesabu 256 tu. Je, kadi imekufa?

---

fundi_kizingo

Bado hujui, ndugu yangu. Safu 6 za 4164 ni KB 384, na 256 ukijumlisha 384 unapata 640 kamili. Ilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta kama yako. Wewe una safu 3, kwa hiyo tunategemea uone 448.

BIOS ya XT, programu ya kuwashia iliyo kwenye bodi kuu, huhesabu memori yenyewe, ikipanda kipande kwa kipande, na ikikuta pengo husimama. Kwa hiyo kadi inaweza kuwa nzima lakini imewekwa ianzie mbali, mfano KB 512, na hesabu ikaishia 256. Kwenye 5150, ile PC ya kwanza ya 1981, mambo ni tofauti: BIOS hufuata swichi za SW2 kwenye bodi kuu, na BIOS zake za awali hazikubali zaidi ya KB 544 hata ufanye nini. Mwenye 5150 aangalie tarehe ya BIOS; ya 27 Oktoba 1982 ndiyo inayofika 640.

Kutafuta kadi ilipo, tumia DEBUG ya DOS (F hujaza memori, D huionyesha, namba zote ni za heksa). Zingatia kitu kimoja ambacho watu hukiruka. Memori ambayo BIOS haikuihesabu haijaandikwa chochote, na pariti yake ni ovyo. Ukiisoma tu kwa D, kompyuta inaweza kusimama hapo hapo na maneno PARITY CHECK 2. Watu wakiona hivyo wanasema kadi mbovu, wakaitupa. Yaandike kwanza:

F 4000:0 FFFF 11
F 5000:0 FFFF 22
D 4000:0 L10

4000:0 ni mwanzo wa KB ya 256. Ukisoma 11 zimejipanga, kuna memori. Ukisoma FF, hakuna kitu. Ukisoma 22, basi 4000 na 5000 ni mahali pamoja: kadi inadhani ina chipu za 41256 ilhali umeweka 4164. Endelea hivyo 6000, 7000, 8000, 9000. Usivuke 9000, kuanzia A000 ni nyumba ya skrini.

Na ile PARITY CHECK 2 ikitokea, ichukulie kama habari njema kiasi. CHECK 1 ni bodi kuu inalalamika. CHECK 2 ni kadi iliyo kwenye sloti. Maana yake kadi iko hai kiasi cha kujibu.

---

mtu_wa_majengo

Mashallah. Nimeikuta! 4000 na 5000 ni FF, 6000 ni FF, 7000 mpaka 9000 zinashika. Sasa niirudishe vipi ianzie 4000 bila kubahatisha?

---

fundi_kizingo

Safu tatu, sehemu tatu za KB 64: zote zinafanya kazi. Sasa ndio wakati wa swichi.

Tazama upande A, wenye chipu. Jino la 12 ni anwani A19, la 13 ni A18, la 14 ni A17, la 15 ni A16. Hizo nne ndizo zinazosema uko kwenye KB 64 ipi. Fuata njia zake mpaka zifike kwenye chipu moja, huenda 74LS85, au PAL (chipu ya mantiki inayoprogramiwa), au kilinganishi kingine. Angalia ni vitufe vipi vinne vya swichi vinavyofika kwenye chipu hiyo hiyo. Hivyo ndivyo vya anwani ya kuanzia.

Kwa kawaida kitufe kikiwa ON kinaivuta njia kwenye graundi, inasomeka 0. Kikiwa OFF, kile kipande cha rezista pembeni kinaipandisha, inasomeka 1. Hakikisha kwa mita, kadi ikiwa nje. Saba kwa mfumo wa mbili ni 0111, kwa hiyo utakuta kimoja kati ya vinne kiko ON na vitatu OFF. Kilicho ON ni cha A19. Unataka 4, yaani 0100: A18 peke yake ndiyo ibaki OFF, nyingine ON. Vitufe vilivyobaki vitakuwa vya kusema safu ngapi zimejaa, na pengine kimoja cha kuzima pariti.

---

mzee_wa_shimanzi

Wanangu, nawasoma tangu asubuhi. Nilikuwa ofisi ya uwakala wa kutoa mizigo bandarini miaka ile, na kadi hizi nilizipachika kwa mikono yangu. Niwape tahadhari mbili kabla hamjaua mitambo.

Kwanza umeme wa kadi. DRAM hizi zimepinduka zikilinganishwa na chipu za mantiki. Chipu ya 74LS yenye miguu 16 hupokea volti 5 mguu wa 16, graundi mguu wa 8. 4164 ni kinyume: volti 5 mguu wa 8, graundi mguu wa 16. Kuna kadi za mwanzo kabisa zenye 4116, nazo zina miguu 16 vilevile, ila mguu wa 8 unapokea volti 12, wa 9 unapokea 5, na wa 1 unapokea 5 hasi. Ukichomeka 4164 kwenye soketi ya 4116, volti 12 zinaingia mahali pa 5 na chipu inaungua papo hapo. Soketi zikiwa tupu usikisie. Weka mita kati ya mguu wa 8 na meno ya upande B: likiitika jino la 3 au 29, ni volti 5. Likiitika la 9, ni volti 12.

Pili, zile kapasita za rangi ya machungwa au manjano kama tone, za tantalamu. Zikikaa miaka bila umeme huweza kuwa shoti. Pima ukinzani kati ya B3 na B1, kisha B9, B7 na B5 dhidi ya B1. Ikisoma karibu na sifuri, usiwashe.

Na kwa hewa yetu hii ya chumvi, meno yakiwa meusi yasugue kwa raba ya kufutia penseli, kisha kitambaa chenye spiriti. Msiguse kwa msasa. Dhahabu yake ni nyembamba sana. Kadi yenye betri ya saa, itoe betri siku hiyo hiyo. Ule ukungu wa kijani unakula shaba mpaka ndani ya soketi.

Tulizihitaji kwa sababu ya Lotus 1-2-3. Orodha ya mizigo ya meli moja ikikua, kompyuta inaandika MEM na kazi inakwama katikati. Ndio maana nafurahi kuona vijana mnazithamini.

---

bint_likoni

Shikamoo mzee. Kaka fundi, yangu si kama ya huyo wa Majengo. Biti 8, safu nne za 41256 tisa tisa kwenye soketi, nafasi tupu nyingine nne. B13 na B14 zote zimeunganishwa. Bati la nyuma ni tupu, halina tundu, wala sioni fuwele ya saa. Ina 74LS670 mbili zikiwa bega kwa bega, na 74LS688 moja. Kompyuta yangu ni kopi ya XT, tayari ina KB 640. Jina hakuna, FCC ID imekwanguliwa.

---

mzee_wa_shimanzi

Marahaba mwanangu.

---

fundi_kizingo

Dada, umeelezea vizuri mno, karibu umejijibu. Ina poti lakini haina tundu wala saa, ina rejista mbili za 670. Hiyo ni EMS.

EMS ilitokana na makubaliano ya Lotus, Intel na Microsoft, toleo la 3.2 likatoka 1985 na la 4.0 mwaka 1987. 8088, prosesa ya PC na XT, ina waya 20 za anwani, haioni zaidi ya MB 1. Basi wakafungua dirisha la KB 64 juu ya 640, likagawanywa kurasa nne za KB 16, na kupitia dirisha hilo programu inaona kipande chochote cha kadi inachokitaka. Namba ya kipande inaandikwa kwenye rejista kupitia poti.

Sasa angalia 670 zako. Kila moja ina nafasi nne za biti nne. Mbili kwa pamoja ni nafasi nne za biti nane: nafasi moja kwa kila ukurasa wa dirisha. Kwa mtindo wa Intel Above Board, biti ya juu kabisa ni ya kuwasha ukurasa na saba zilizobaki ni namba. Biti saba ni vipande 128, mara KB 16 ni MB 2. Safu zako nane zikijaa 41256 ni KB 256 mara 8, ni MB 2 hizo hizo. Hesabu mbili kutoka pande mbili zimekutana, kwa hiyo naamini kadi yako inafuata mtindo huo. Kwa sasa una MB 1.

Ile 688 ni kilinganishi cha anwani ya poti. Kadi za EMS za wakati ule hukaa 208, 218, 258, 268, 2A8, 2B8 au 2E8. Ya mwisho inagongana na COM4. Fuata swichi zinazoingia kwenye 688 ujue ipi, kwa kanuni ile ile ya ON ni 0. Usijaribu poti kwa kubahatisha kwa amri ya O ya DEBUG, inayoandika kwenye poti: diski ngumu ya XT iko 320 mpaka 323, na kuandika ovyo pale ni kucheza na data ya mtu.

Ukishaijua, tuseme ni 258:

O 258 80
F D000:0 L4000 33
D D000:0 L10

80 ni kipande namba 0 kikiwa kimewashwa. Ukiona FF, jaribu E000 au C400 badala ya D000. Hakikisha tu hakuna ROM ya kadi ya skrini au diski hapo. Ukiona 33, andika O 258 81, jaza D000 kwa 44, kisha rudi O 258 80 na usome tena. Zikirudi 33, kurasa zinabadilika kweli na kadi ni nzima.

---

kijana_wa_nyali

Na sisi wenye kadi ya biti 16 ya AT, IBM iliyofuata baada ya XT, njia ni hiyo hiyo?

---

fundi_kizingo

Wazo ni lile lile, meno ndiyo yanaongezeka. Kiunganishi cha pili kina meno 36. Upande C, meno ya 2 mpaka 8 ni anwani LA23 mpaka LA17. Yakiwa na njia, kadi inaweza kukaa juu ya MB 1, yaani memori ambayo HIMEM.SYS inaitumia. Yakiwa matupu na njia za data D0 hadi D15 zimeunganishwa, hiyo ni ya kujaza chini ya 640 au ni EMS ya biti 16. Ukishaipachika kwenye AT, lazima uingie programu ya setup ubadilishe kiasi cha memori, la sivyo itakulalamikia kila ukiwasha. Fungua uzi wake tuuzungumze kwa nafasi.

---

bint_likoni

Nimerudi. Kwenye 688 swichi zilisomeka 268, si 258. D000 ilitoa FF, E000 ikatoa 33. Nikabadilisha kwenda 81, nikajaza 44, nikarudi 80, nikakuta 33 zangu. Safi kabisa! Nikaendelea mpaka kipande BF, vyote 64 vinashika. Nitumie dreva gani?

---

fundi_kizingo

Alhamdulillahi. Kuanzia 80 mpaka BF ni vipande 64, mara KB 16 ni MB 1 kamili. Hakuna chipu mbovu hata moja.

Tafuta dreva ya kadi ya mtindo wa Above Board inayokuruhusu kutaja poti na dirisha mwenyewe, uiambie 268 na E000. Iweke ya kwanza ndani ya CONFIG.SYS, kabla ya chochote kinachotaka EMS. Ikikubali, RAMDRIVE.SYS ya DOS 5 na kipengele /A itakupa diski ya memori ndani ya EMS, na Lotus 1-2-3 toleo la 2 itaiona yenyewe.

Ikikataa, usiiache kadi. Lete hapa ujumbe unaoutoa, pamoja na picha ya njia kati ya 670 na 688. Kuandika dreva ndogo kwa kadi ambayo tayari tunajua poti yake, dirisha lake na biti yake ya kuwasha ni kazi inayowezekana kabisa, niko tayari kuifanya na wewe.

---

mtu_wa_majengo

Wadau, yangu inahesabu 448. Naweka mpangilio hapa kwa atakayekutana na kadi ya namna hii: ndefu, biti 8, safu 6 za tisa, bila jina, PAL moja karibu na meno, kipande cha rezista chini ya swichi. Vitufe 1 mpaka 4 ni A19, A18, A17, A16 kwa mfuatano huo, ON ni 0. Vitufe 5, 6 na 7 ni idadi ya safu zilizojaa. Kitufe cha 8 kikiwa OFF pariti inazimwa. Natafuta 4164 ishirini na saba za kujaza safu tatu zilizobaki. Mwenye bodi iliyovunjika Tudor au Bamburi anitumie ujumbe, nitazing'oa mwenyewe.